Daftari la Makosa na Shati Jeupe la Babu

Babu yake mzee wa hadithi hii alikuwa mpima nafaka wa soko kuu, na watu walimwita Mizani, kwa kuwa gunia lililopita mikononi mwake halikupimwa mara ya pili. Mizani alimzaa mtoa dawa wa zahanati, akaitwa Tone, mtu mrefu asiyecheka ovyo, ambaye katika miaka ishirini na tisa ya kazi hakumzidishia mgonjwa tone la dawa wala hakumpunguzia. Tone ndiye aliyemzaa mzee huyo. Ukoo huo haukuwa na mali ya kutajwa wala cheo cha kuogopwa. Ulikuwa na usahihi tu, na uliutunza kama wengine watunzavyo shamba la urithi.

Mzee mwenyewe alifundisha kemia miaka thelathini na minne katika shule ya bweni, na wanafunzi wakambandika jina la Mwalimu Nukta. Aliyesahau kuweka nukta ya desimali mahali pake alitolewa nje ya mlango, akabisha hodi, akaingia upya kama mgeni. Aliyebuni majibu ya jaribio badala ya kuyapima, yaani aliyeyapika, alifukuzwa maabara muhula mzima, akisindikizwa na maneno yaleyale kila mwaka: "Maabara si jiko. Anayetaka kupika na aende kwa wapishi." Aliwahi kumfelisha hata mwanawe wa kumzaa kwa nukta moja iliyohama. Mwana huyo akawa dereva wa malori, na hadi leo akija kuwaamkia wazazi wake huegesha gari kwa uangalifu unaowatia majirani hofu.

Kwa hiyo barua kutoka chuo cha jamii ilipofika, mzee hakushangaa kuombwa. Alishangaa tu kwamba barua yenyewe ilichelewa miaka kumi na mmoja, yaani tangu siku aliyostaafu.

Chuo hicho kilikuwa vyumba vitatu virefu nyuma ya ofisi ya maji. Watu wazima walisoma humo mchana baada ya shughuli zao za asubuhi: fundi cherehani, mtengeneza sabuni, mfagizi wa hospitali, na vijana ambao mtihani wa shule uliwapiga mwereka wakataka kuinuka. Mjukuu wake wa kike alikuwa mmoja wao. Alihitaji kupanda daraja moja la kemia ili apokelewe kwenye mafunzo ya ufamasia, jambo ambalo babu yake alilitaja kwa majirani kama "likizo fupi kabla ya masomo". Sasa mkuu wa chuo aliandika kwamba mwalimu wa kemia amependekezwa kupewa Cheti cha Ufundishaji Bora. Akikipata, darasa litaendelea. Akikosa, muhula ujao darasa litafungwa na chumba kigeuzwe ghala la viti vibovu. Alihitajika mkaguzi mmoja wa nje, akae darasani siku moja, ajaze fomu ya kurasa nne na kutia sahihi.

"Lakini mjukuu wangu yumo darasani humo," mzee alimwambia mkuu kwa simu. Alikuwa mtu wa haki.

"Tunajua, Mwalimu," mkuu akajibu. "Tunajua pia habari za mwanao. Hatuna hofu ya upendeleo."

Mzee aliyapokea maneno hayo kama sifa, akayarudia mezani mara mbili.

Jumatatu akavaa. Alivaa suruali ya kijivu yenye mstari wa pasi unaoweza kukata karatasi, viatu vilivyong'arishwa hadi vikatoa taswira, na shati lake jeupe la heshima, lile la harusi, misiba na mikutano ya wastaafu. Mkewe alisimama mlangoni akimtazama.

"Mzee, hilo shati," akaanza.

"Jeupe pe pe pe," mzee akasema huku akifunga kifungo cha shingo. "Mwalimu wa kemia huonekana kwa shati lake. Wa siku hizi huvaa fulana zenye picha."

"Haya, bwana," akasema mkewe. Katika miaka arobaini na sita ya ndoa alikuwa amejifunza mahali pa kuishia.

Mwalimu aliyekaguliwa alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, ambaye wanafunzi walimwita Madamu Suuza, kwa sababu hakuna chombo cha kioo kilichoguswa kabla hajauliza kama kimesuuzwa. Mzee akalipenda hilo. Kilichomkera ni daftari kubwa jeusi lililofungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza ya mbele. Juu yake pameandikwa kwa chaki nyeupe: MAKOSA. Akalifungua ukurasa wa kwanza, akalisogeza hadi likakaribia kugusa pua. Kosa la kwanza lilikuwa la mwalimu mwenyewe, lenye tarehe na sahihi: alisahau kuondoa kiputo cha hewa kwenye bureti, akawapotosha wanafunzi kumi na wanne.

"Unajianika hivi mbele ya wanafunzi?" mzee akauliza.

"Wakiona langu, hawaoni tabu kuandika yao, Mwalimu."

Mzee akaitoa fomu mfukoni. Kwenye mstari wa *Nidhamu na heshima ya mwalimu* akaandika nne katika kumi, akaona amekuwa mkarimu.

Siku hiyo walikuwa wakipima ukali wa siki. Siki ilitiwa kwenye chupa ndogo pamoja na matone mawili ya kiashiria kisicho na rangi, dawa inayobadilika ukali wa siki unapokwisha, na juu yake ikasimamishwa bureti, lile bomba refu la kioo lenye vipimo ubavuni na bilula chini. Bureti ilidondosha maji ya soda kali, tone kwa tone, hadi chupa ilipopata rangi ya waridi hafifu, hafifu kabisa, kama ukucha wa mtoto. Hapo ndipo mtu hufunga bilula na kusoma kipimo. Ukizidisha, rangi hukolea na jaribio limeharibika. Walifanya kazi wawiliwawili, maana sheria ya darasa ilikuwa moja: mmoja asome, wa pili ahakikishe, ndipo iandikwe.

Mzee alipita nyuma yao akiwa amefunga mikono mgongoni. Akasimama kwa fundi cherehani, mwanamke mnene mpole ambaye kila asubuhi alilinganisha rangi za nyuzi na vitambaa.

"Mbona umefunga?" akamuuliza.

"Imeshafika, Mwalimu. Imeanza kuwa kama ua."

"Mimi naona maji matupu. Ongeza."

Fundi akamtazama mwenziwe, kisha akaongeza tone.

"Bado. Ongeza. Usiwe mwoga, bilula haiumi."

Akaongeza, na kuongeza tena, kwa adabu ya mtu aliyelelewa vizuri, hadi mzee akasema, "Sasa pana dalili." Fundi akasoma kipimo. Ubaoni wenzake waliandika ishirini na mbili nukta tatu, nukta nne, nukta tano. Yeye akaandika ishirini na tatu nukta sita, kisha akaenda kwenye daftari jeusi akainama kuandika kitu. Mzee akatikisa kichwa kwa masikitiko, akaandika kwenye fomu: *Wanafunzi hawajui mwisho wa jaribio.* Nyani haoni kundule, na yule mwenye fomu mkononi ndiye asiyeona zaidi.

Angeishia hapo, hadithi hii isingekuwepo. Lakini Mizani na Tone walimsukuma kutoka makaburini mwao.

"Madamu," akasema, "niruhusu niwaonyeshe vijana jinsi kazi hii ilivyofanywa zamani."

Akapewa nafasi. Akasuuza bureti mara tatu, akaondoa kiputo cha hewa kwa kidole kimoja, akapima siki kwa mkono usiotetemeka, na darasa zima likajikuta limesimama. Mikono yake ilikuwa bado ya bingwa, na hilo lisemwe kwa haki. Alifungua bilula akaanza kudondosha huku akieleza, maana hakuwahi kudondosha kimya. Akaeleza subira. Akaeleza kwamba tone moja ni tofauti ya mtaalamu na mbabaishaji. Alipofika kwenye mbabaishaji chupa ilikuwa imeshapata rangi ya ua. Alipofika kwenye habari za baba yake na zahanati ilikuwa imekolea. Darasa likawa kimya, kimya ambacho mzee alikichukua kuwa ni usikivu. Mjukuu wake alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Ghafla mzee akaiona rangi. Haikuwa hafifu. Ilikuwa nyekundu kama mdomo wa bibi harusi.

Akafunga bilula, akainama akasoma: ishirini na tano nukta moja. Akautazama ubao. Pale palikuwa na majibu ya wanagenzi yaliyokubaliana kama askari kwenye gwaride. Kisha mkono ule wa bingwa ukachukua chaki, na mbele ya watu kumi na wanne ukaandika: 22.4.

Tendo hilo halikuchukua hata nusu dakika. Miaka thelathini na minne ya "maabara si jiko", na mpishi mkuu alikuwa amefika mwenyewe, na aproni amevaa.

Madamu Suuza hakuinua sauti. "Mwalimu, nani amesoma pamoja nawe?"

"Mimi husoma mwenyewe, Madamu. Nimekuwa nikisoma mwenyewe tangu hujazaliwa."

"Sina shaka. Ila hapa hata mimi husomewa." Akaligeukia darasa. "Nani atamsaidia Mwalimu?"

Hakuna aliyejongea. Mjukuu alikuwa akizichunguza kamba za viatu vyake. Mwishowe fundi cherehani akaja, akainama mbele ya bureti, akakaa hapo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ishirini na tano nukta moja, Madamu," akasema polepole. Kisha akaongeza, "Labda ni mimi nisiyeona vizuri."

"Basi tuna namba mbili," Madamu Suuza akasema, kwa sauti ileile aliyoitumia kuuliza habari za kusuuza. "Mwalimu, utaandika wewe daftarini, au tusubiri?"

"Nina miadi," mzee akasema, akachukua fomu yake akatoka. Hakuwa na miadi na kiumbe yeyote isipokuwa kiti chake cha nyumbani.

Alipofika alikaa mezani akajaza fomu kwa kasi ya mtu anayejitetea. *Usahihi wa matokeo*: tatu katika ishirini. *Hali ya vifaa*: bureti mbovu. Jumla akaipata arobaini na moja katika mia. Palibaki mahali pa sahihi, na nafasi moja pana iliyosema: *Eleza tukio moja la ufundishaji uliloliona kwa macho yako.* Hiyo aliiruka.

Jioni mjukuu akaingia, akaweka mkoba, akasimama.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Kaa."

"Sikai. Umetupa ngapi?"

"Siri ya mkaguzi."

"Darasa likifungwa mimi basi tena, Babu. Mwaka huu ndio wa mwisho kuomba nafasi." Akaitazama fomu mezani. "Kwa nini hukuandika ishirini na tano?"

"Bureti yenu mbovu."

"Bureti nzima, Babu. Nimeisuuza mimi."

Mzee akavuta pumzi ya kutoa hotuba. Mkewe, aliyekuwa akichambua mchele kwenye ungo pembeni, akamwahi bila kuinua kichwa.

"Muulize shati lake lina rangi gani."

"Shati gani?" mzee akauliza.

"Ulilovaa."

"Jeupe. Mtoto mdogo anajua."

"Haya, mtoto mdogo, sema," bibi akamwambia mjukuu wake.

Binti akamtazama bibi, akamtazama babu. "La waridi, Babu. Tangu mwaka jana, lilipofuliwa pamoja na kitambaa changu chekundu. Si waridi sana. Hafifu."

"Kama ukucha wa mtoto," akaongezea bibi, ambaye hakuwahi kusoma kemia.

Mzee akalivua shati. Akaenda nalo dirishani akiwa na fulana ya ndani, akaliinua kwenye mwanga, akalisogeza mbali, akalileta karibu. Aliona shati jeupe. Akalitazama tena kwa hasira, kana kwamba lingeogopa. Likabaki jeupe.

"Na kwenye msiba wa mkaguzi wa elimu nililivaa?"

"Ulilivaa."

"Na mkutano wa wastaafu?"

"Ulikaa safu ya mbele," akasema mkewe. "Ukawahutubia juu ya mavazi."

"Na hamkuniambia."

"Nilianza kukuambia mara nyingi, hata leo asubuhi. Mzee, ni nani amewahi kukusahihisha humu ndani akamaliza sentensi?"

Mzee akafungua saraka ya kabati akatoa karatasi ya daktari wa macho, iliyokunjwa mara nne na kulala humo miaka miwili. Ilisema mtoto wa jicho, macho yote mawili, apasuliwe mapema. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga, ila wahenga hawakutaja kwamba shati huweza kumuumbua kabla ya kifo. Mkewe akaipokea karatasi, akaisoma, akairudisha mezani juu ya fomu, akaendelea na mchele wake.

Alhamisi mzee akarudi chuoni kabla ya kipindi. Alikuwa amevaa shati lilelile. Madamu Suuza alikuwa akipanga chupa.

"Naomba daftari," mzee akasema.

Akalifungua ukurasa wa mwisho, akalisogeza puani. Juu ya nafasi tupu palikuwa na maandishi ya fundi cherehani ya Jumatatu: *Nilifika 22.4. Nikaongeza matone kwa sababu sikuyaamini macho yangu. Nikapata 23.6. Funzo: nikiona, niseme nimeona.* Hakumtaja mtu. Kosa la mzee alilibeba yeye, akalitia na sahihi.

Mzee akaisoma mistari hiyo mara mbili. Alifikiri juu ya wanafunzi wote aliowatoa nje ya mlango, wakaingia upya wakiwa na nukta mahali pake na hofu mahali pengine pote. Hakuna hata mmoja miongoni mwao ambaye angethubutu kuandika vile. Kisha akatoa kalamu yake ya wino.

*Sikuona rangi hafifu. Nikamlazimisha fundi aharibu jaribio lililokuwa sahihi. Nikasoma 25.1 nikaandika 22.4, yaani nikapika. Funzo: mkaguzi naye akaguliwe.*

Akamgeuzia Madamu Suuza daftari. Madamu akalisoma mpaka mwisho, akatia sahihi yake pembeni kama msomaji wa pili.

"Adhabu ni ipi?" mzee akauliza, akiwa amesimama wima.

"Hakuna adhabu. Ila anayeandika humu ndiye huosha vyombo siku hiyo."

Basi baada ya kipindi Mwalimu Nukta akakunja mikono ya shati la waridi, akaosha chupa ishirini na nane, na fundi cherehani akawa anazipangusa.

"Hii haijatakata, Mwalimu," fundi akasema.

"Mimi naiona safi."

"Ndiyo maana nimekuambia."

Mzee akairudisha chupa majini. Hakukumbuka kama amewahi kusahihishwa upesi hivyo, wala kama amewahi kuona ni jambo dogo hivyo.

Fomu hakuichana. Aliwafundisha vijana wa watu kwamba kosa la maabara halifutwi wala halichanwi. Hukatwa kwa mstari mmoja ili lisomeke. Akakata arobaini na moja kwa mstari mmoja, juu yake akaandika tisini na nne. Mjukuu alipouliza kuhusu zile alama sita zilizobaki, alijibiwa kwamba hakuna aliyewahi kupata mia kwa Mwalimu Nukta, na macho mabovu si sababu ya kulegeza kamba. Kisha akaijaza ile nafasi pana. Haikutosha. Akaambatisha karatasi mbili.

Mkuu wa chuo angeweza kuzihifadhi karatasi hizo kabatini. Badala yake, siku ya kukabidhi cheti, alimwita mzee mbele ya ukumbi uliojaa akamwomba azisome mwenyewe. Mzee alizisoma akiwa na karatasi puani, bila kuruka neno: bureti, chaki, miadi isiyokuwepo, shati. Watu walicheka hadi viti vikalia. Mwanawe dereva, aliyeegesha lori nje kwa uangalifu wake wa kawaida, alicheka kuliko wote, kicheko kilichosubiri miaka mingi. Madamu Suuza alipopokea cheti hakusema mengi. Alisema darasa la muhula ujao linaanza Jumatatu, saa nane kamili, vyombo vikiwa vimesuuzwa. Mjukuu akawa wa kwanza kusimama kupiga makofi.

Mzee hakuteremka jukwaani. Alingoja kelele zitulie, kama alivyongoja maelfu ya mara mbele ya maelfu ya wanafunzi, kisha akawatazama vijana waliojaa safu za nyuma, au pale alipoamini wamekaa.

"Nimefundisha miaka thelathini na minne kwamba mwalimu bora ni yule asiyekosea," akasema. "Nilikosea. Hilo nalo limo daftarini. Wiki ijayo napasuliwa macho, na nikipona nitakuja kuwakagua tena, kwa hiyo nisikilizeni sasa. Andikeni mlichokisoma, si mlichotamani kukisoma. Pawe na wa pili wa kuwahakikishia, hata kama yeye ni mdogo kwenu. Na mkimwona mkubwa wenu amevaa kosa, mwambieni kwa adabu, lakini mwambieni kabla hajatoka nyumbani. Si ombi. Ni agizo la mjukuu wa Mizani na mwana wa Tone." Akakunja karatasi zake mara mbili, sawasawa, ukingo juu ya ukingo. "Sasa kaeni wima. Na wewe uliye mwisho kabisa, ambaye sikuoni, toa mikono mfukoni."